Mkono wa Nani?

Sijapata kushika bastola maishani mwangu, wala sina hamu ya kuishika. Hata hivyo nimekaa usiku mwingi nikizitazama picha za bastola za Marekani za karne ya 19, nikajifunza majina ya mafundi waliozitia nakshi, na leo nikiulizwa namna ya kuutambua mkono wa fundi mmoja na kuutenga na wa mwenziwe, naweza kusema maneno mawili matatu yasiyo ya kubahatisha. Walimu wenzangu hucheka wanisikiapo. Mwalimu wa Kiswahili ana nini na bastola? Nitaeleza, ingawa maelezo yenyewe hayanipi sifa.

Shule niliyokuwa nikifundisha wakati ule ililetewa masanduku manne ya vitabu kutoka ng'ambo, zawadi ya watu wema ambao, nadhani, walikuwa wakisafisha nyumba zao. Mimi ndimi niliyekuwa mwangalizi wa maktaba. Tulipoyafungua tulikuta vitabu vya kutunza maua ya nchi za baridi, vitabu vya kupika samaki tusiowajua, riwaya zilizokosa kurasa za mwisho, na chini kabisa kitabu kimoja kizito kama tofali, kimejaa picha za bastola za kale. Mwalimu mkuu alitaka kichomwe, asije mwanafunzi akajifunza mabaya. Nikamwomba nikichukue nyumbani kwangu. Nilikuwa mseja, na jioni za mahali pale zilikuwa ndefu.

Nilitarajia kuona silaha, nikaona bustani. Juu ya chuma palikuwa na majani yanayojikunja kama vikonyo vya mzabibu, kila kikonyo kikizaa kingine, na katikati ya majani palichungulia kichwa cha mbwa mwitu, au ndege, au mbwa wa kuwinda. Mahali pasipo jani palijazwa nukta ndogo mno, mamia kwa mamia, ili majani yainuke machoni kana kwamba yamewekwa juu ya mchanga. Nilikisogeza kitabu karibu na taa. Sikuelewa kwa nini mtu atumie siku nyingi za uhai wake kukipamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuukatisha uhai, na hata leo sijaelewa vema. Walakini uzuri ulikuwapo, nami sikuweza kuukana.

Rivolva, kwa wasiojua, ni bastola yenye silinda inayozunguka, na ndani ya silinda hiyo mna vyumba vya risasi, aghalabu vitano au sita. Mtu aliyeivumisha ni Samuel Colt, mzaliwa wa mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, aliyepewa na serikali ya Marekani hati ya kuulinda uvumbuzi wake mwaka 1836. Biashara yake ya kwanza ilianguka. Ya pili ilisimama, na mwaka 1855 kiwanda chake kikubwa cha Hartford kilikuwa kikifanya kazi kwa mashine, bastola moja ikifanana na nyingine kama mayai ya kuku mmoja. Basi mtu mwenye fedha akitaka yake isifanane na za wengine, au kiwanda kikitaka kumtunukia mkubwa fulani, bastola hupelekwa kwa fundi wa nakshi. Mwaka 1854 Colt alimtunukia Kaizari Nicholas wa Kwanza wa Urusi bastola zilizopambwa kwa dhahabu. Alikuwa mfanyabiashara hodari, mwenye kujua kwamba zawadi nzuri hufungua milango ambayo barua haiwezi kuifungua.

Wengi wa mafundi hao walikuwa wahamiaji kutoka nchi za Wajerumani. Gustave Young alizaliwa Prussia mwaka 1827, akavuka bahari akiwa kijana, akamfanyia Colt kazi kwa miaka mingi; mwaka 1869 akahamia Springfield, jimbo la Massachusetts, akawa akitia nakshi bastola za Smith & Wesson hadi uzeeni. Louis Daniel Nimschke aliishi New York, naye hakuwa mtu wa kiwanda kimoja. Kazi ilimjia kutoka pande zote. Cuno Helfricht alikuwa mkuu wa mafundi wa nakshi wa Colt tangu mwaka 1871 hata 1921, nusu karne nzima mtu mmoja ameinama juu ya chuma. Vyombo vyao vilikuwa vichache: nyundo ndogo, tindo nyembamba, na kalamu ya chuma cha pua yenye ncha kali isukumwayo kwa kiganja. Kosa katika karatasi hufutwa. Kosa katika chuma hubaki.

Sasa ndipo lilipo jambo lililonikosesha usingizi. Mara nyingi sana mafundi hawa hawakuandika majina yao. Mtu amerithi bastola kutoka kwa babu yake, au ameinunua mnadani, naye anauliza: huu ni mkono wa nani? Swali si la udadisi tu. Ikithibitika kwamba ni kazi ya Young, bei yake hupanda mara nyingi kuliko ya bastola ile ile isiyo na nakshi; na penye bei hapakosi hila.

Wala jina likionekana usishangilie upesi. Bastola nyingi za Colt za mwaka 1851, zile zilizoitwa za wanamaji, zina picha ya vita vya merikebu kuizunguka silinda, mapigano ya jeshi la maji la Texas na la Mexico ya tarehe 16 Mei 1843, na pamoja na picha limo jina la Waterman Ormsby wa New York. Msomaji asiyejua atasema, nimempata fundi wangu. Kumbe Ormsby, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuchora noti za benki, aliichonga picha ile katika kalibu ya chuma kigumu, na kalibu ikaviringishwa juu ya silinda moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu. Jina ni lake, lakini silinda iliyo mkononi mwako huenda hakuiona kamwe.

Wataalamu basi hufanyaje? Kwanza huisoma nambari ya bastola, maana nambari huonyesha mwaka iliotengenezwa, na fundi aliyekuwa mtoto mwaka huo huondolewa mara moja. Hutafuta daftari za kiwanda, kama zipo. Kiwanda cha Colt kiliungua tarehe 5 Februari 1864, na hata daftari zilizosalia mara nyingi husema tu kwamba bastola ilitiwa nakshi, zisiseme na nani. Kisha huja kwenye majani yenyewe. Jani hujikunja mara ngapi kabla ya kufika kituoni? Ncha yake ni ya mviringo au imechongoka? Nukta za nyuma zimepangwa kwa safu au zimetupwa kama mbegu? Kichwa cha mbwa mwitu kilichochongwa juu ya kinyundo cha bastola, pambo ambalo Young alilipenda, masikio yake yamelala au yamesimama? Huangalia jinsi tindo lilivyoingia katika chuma na lilivyotoka, maana mwisho wa mstari ndipo mkono unapojisahau.

Baada ya hayo hulinganisha na kazi ambayo mwenyewe hana shaka naye. Hapo Nimschke amewasaidia watu kuliko wote, kwa sababu alikuwa na desturi ya kutwaa karatasi na kuigandamiza juu ya nakshi aliyoimaliza ili apate nakala yake, akazibandika nakala hizo katika kitabu. Kitabu kile kilisalia baada ya kufa kwake mwaka 1904, na mwaka 1965 kikapigwa chapa. Hakukusudia kuwaachia ushahidi watu wa baadaye. Alitaka, nadhani, kukumbuka tu alichokwisha kumchorea mteja gani.

Na hata hapo, wenye busara hawasemi "ni ya Young." Husema "inanasibishwa na Young," au "ni ya karakana ya Young." Neno karakana lilinipita usiku wa kwanza nisilisikie. Young alikuwa na wasaidizi, na wanawe wawili, Oscar na Eugene, walijifunza kazi kwake. Kijana akifundishwa miaka mingi kulikunja jani kama bwana wake alikunjavyo, atalikunja hivyo mpaka kufa. Kwa hiyo mtaalamu anapoliona jani lile, alilokwisha kulitambua ni chuo. Mtu bado.

Jambo la mwisho nililolisoma ndilo lililoniondoa kitini. Mtu mwerevu aweza leo kuitwaa bastola ya kale isiyo na pambo, akaitia nakshi mpya kwa mtindo wa zamani, akaiuza kwa bei ya urithi. Wataalamu humkamata kwa kuangalia ndani ya mifereji ya nakshi. Bastola ilikuwa ikinakshiwa kwanza, kisha ndipo ikapakwa rangi yake ya samawati iliyoiva au kufunikwa kwa madini meupe ya nikeli. Basi ukikuta rangi ile ya kwanza imetulia mle ndani ya mifereji, nakshi ilitangulia rangi. Ukikuta chuma kitupu mferejini, na kingo kali katikati ya uso uliochakaa kwa kushikwashikwa, nakshi ilikuja nyuma.

Nilikifunga kitabu. Ilikuwa yapata saa nne za usiku. Nikatwaa tochi na ufunguo wa stoo ya shule.

Yanipasa sasa nirudi nyuma mwaka mmoja. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu karibuni, nami nilikuwa na ile hakika ya mambo ambayo cheti kipya humpa mtu. Katika muhula wa pili naibu wa mwalimu mkuu alikagua madawati ya kidato cha kwanza. Upande wa ndani wa kifuniko cha dawati moja alikuta maneno matano yaliyochongwa kwa ncha ya bikari au kisu. Sitayaandika hapa, yalimhusu yeye na mke wake, wala hayakuwa ya heshima. Dawati lilikuwa la mvulana wa miaka kumi na minne, mpole, asiyenyosha mkono darasani ila akiwa na uhakika.

"Nililikuta hivyo, mwalimu," alisema.

"Na miezi yote hii hukusema?"

"Niliogopa."

Kila mwenye hatia husema hivyo, na kila asiye na hatia pia, lakini siku ile niliikumbuka nusu ya kwanza tu. Niliitwa ofisini kwa sababu mimi ndiye niliyezisahihisha insha zake. Naibu aliniuliza kama nautambua mkono. Nikalitandaza daftari la mvulana juu ya kifuniko. Katika maneno yale matano ilikuwamo herufi K mara tatu, na mguu wake wa chini haukuishia kwenye mstari, bali ulipinda ukapanda juu kama ndoana ya kuvulia. Nikafungua daftari. K zote zilikuwa na ndoana. Mvulana alikuwa amesimama kando ya kabati, ananitazama.

Nikasema, "Huu ni mkono wake."

Nililisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Sikuchukua hata dakika tano.

Alirudishwa nyumbani kwa majuma mawili, na sharti arudi na mzazi pamoja na bei ya kifuniko kipya. Siku ya tatu mama yake alikuja peke yake. Nilimpita ameketi kwenye benchi la nje ya ofisi, kikapu tupu miguuni, maana alikuwa ametoka kuuza mboga sokoni. Aliinuka kunisalimu, ingawa kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kumwinamia.

"Mwalimu, mwanangu amesema si yeye. Hajapata kunidanganya."

Nikamjibu, "Mama, mkono haudanganyi."

Nilipendezwa na jibu hilo. Nakumbuka nililirudia moyoni nikielekea darasani.

Mvulana hakurudi tena. Tulisikia amepelekwa katika shule ya kutwa karibu na kwao. Jina lake likakatwa katika rejista kwa kalamu nyekundu, na mstari ule niliupiga mimi.

Kifuniko kilikuwa bado stoo, kimeegemezwa ukutani nyuma ya magoli ya mpira wa mikono, kikingojea mbao ambazo hazikununuliwa. Nikapiga magoti nikakimulika. Maneno yalikuwa yamechimbwa kwa kina, na ndani ya kila herufi, chini kabisa ya mifereji, vanishi ilikuwa imetuama, nyekundu ya kahawia, inang'aa kama asali iliyoganda. Nikaikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa vanishi ile ile iliyokuwa juu ya ubao wote, haikukatika popote. Aliyechonga alichonga kwanza. Aliyepaka alipaka baadaye.

Asubuhi nilimwomba karani daftari la matumizi. Fundi alilipwa mwezi wa Desemba, wakati wa likizo, kwa kupaka vanishi madawati yote ndani na nje. Tangu hapo hapakununuliwa hata kopo moja. Mvulana aliingia shuleni Januari iliyofuata. Maneno yale yalipochongwa, yeye alikuwa shule ya msingi, pengine hata jina la naibu hakulijua.

Ushahidi huo ulikuwapo siku ile ile juu ya meza ya ofisi, chini ya daftari nililolitandaza.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Alinisikiliza kwa upole, akasema kwamba naibu alikwisha hamishwa, mtoto amepata shule, na jambo lililozikwa halina haja ya kufukuliwa. Simlaumu sana, alikuwa na wanafunzi mia sita na choo kilichobomoka. Hata hivyo alikubali niandike barua ya kumwondolea mvulana lawama, akaitia sahihi na mhuri, na nakala ikawekwa katika faili. Jumamosi nikakifunga kifuniko kwa magazeti nikapanda matatu nacho. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo.

Mama alinipokea bila kinyongo cha kuonekana, jambo ambalo lilikuwa zito kwangu kuliko matusi. Alinipa kigoda, akamwita mwanawe. Alikuwa amerefuka. Nikawasomea barua, kisha nikakifungua kifuniko nikawaonyesha vanishi ndani ya herufi, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, pamoja na habari za bastola. Nadhani habari za bastola hazikuwaingia.

Mvulana alipitisha kidole juu ya maandishi polepole, akakisimamisha kwenye K.

"Hii ni K ya darasa la tatu," alisema.

"Ya darasa la tatu kivipi?"

"Mwalimu wetu wa darasa la tatu, kule shule ya msingi. Alikuwa akiturudishia vitabu mpaka tuipinde hivi. Sote tuliopita kwake tunaiandika hivi. Dada yangu pia."

Dada yake alikuwa mlangoni. Alikwenda akaleta daftari lake bila ya kuombwa, akalifungua mbele yangu. Ndoana zilikuwamo, kurasa kwa kurasa.

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwalimu."

Nikamwomba radhi, yeye na mama yake, kwa maneno niliyokuwa nimeyatunga njiani na ambayo yote yalinipotea, nikasema mengine mabovu zaidi. Nikamwambia mvulana kwamba nafasi yake ipo, akitaka kurudi. Alimtazama mama yake, akasema shule aliyo nayo inamfaa, na mwaka huo alikuwa amechaguliwa kiranja wa darasa. Nilikunywa chai niliyopewa. Mama alikuwa akikitazama kile kifuniko kilichokuwa juu ya magazeti.

"Basi, mwalimu," aliuliza, "ni mkono wa nani?"

"Sijui, mama."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa chenji yake sawasawa. Akauliza kama ubao ule una kazi tena shuleni. Nikamwambia hauna. Akaunyanyua, akaugeuza maandishi yakawa upande wa chini, akalifunikia pipa lake la maji.